Fagia Njia, Acha Pembe

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa stoo, slasha mbili za kufyekea nyasi, toroli ambalo gurudumu lake linalia, na kofia moja niliyodai ni yangu. Kofia hawakunikubalia. Hivyo ndivyo kazi yangu ya bustani ilivyokwisha. Nyinyi mnaobaki mmeniomba niandike kidogo niliyojifunza, hasa habari za vipepeo, kwa sababu siku hizi wenye nyumba wanapiga simu wakitaka vipepeo kama wanavyotaka tangi la maji, waletewe kesho na wafungiwe. Haya, naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, kawaulizeni wenye vyeo.

Mimi ni Ayikoru, wa Manibe. Kiswahili changu nilikipata kwa baba, naye alikitoa kambini jeshini, kwa hiyo mkikuta mahali kimevaa buti, msishtuke.

Nilianza kwenye nyumba moja ya wageni hapa mjini Arua, nikiwa bado mwembamba. Mkubwa wa bustani alikuwa Mzee Andama, mtu wa Logiri, mfupi, mwenye sauti ya upole na uongo mwingi. Siku ya kwanza nilitegemea atanipa jembe. Akanipa ufagio wa njiti, akaniambia nifagie uwanja wote mpaka udongo uonyeshe mistari, isipokuwa pembe ya nyuma ya jiko. Huko nisiguse. Bila shaka nikaenda moja kwa moja kuchungulia huko. Nikakuta nyasi zimefika magoti, ndizi zinaozea kwenye sahani ya bati, majani makavu tele, na mlimau ulioliwa na viwavi mpaka unatia huruma. Nikajisemea, kumbe huyu mzee ni mvivu, na uvivu wake ameutengea pembe yake.

Wiki hiyohiyo Mzee Andama akashikwa na malaria, akabaki nyumbani siku mbili. Mimi na ujana wangu nikaona bahati imenijia. Nilifyeka zile nyasi, nikafagia majani, nikawakung'uta viwavi kwa kijiti mmojammoja na kuwakanyaga, kisha takataka zote nikazitia moto. Meneja alipita akanisifu. Alisema tangu aje hapo hajaona mfanyakazi kama mimi, na nadhani alisema kweli.

Mzee Andama aliporudi aliitazama pembe yake, akaketi juu ya toroli. Mimi bado nangoja sifa. Mwishowe akaniita karibu na mlimau akanionyesha kitu juu ya jani, kidogo, cheusi, chenye baka jeupe. Nikamwambia hayo ni mavi ya ndege. Akasema huyo ni kiwavi, na amepona kwa sababu hata mimi, pamoja na bidii yangu yote, nilimwona mavi. Ndiyo akili yake ya utotoni, ili ndege wasimle, na akikua anageuka kijani. "Wageni wanatoka mbali kuja kuona vipepeo yetu," akaniambia. "Wewe umechoma watoto yao." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi tukaanza upya, na hapo ndipo nilipofundishwa kazi. Kosa la kwanza la kila mtu ni kupanda maua na kungoja. Maua ni chai tu. Kipepeo anakuja, anakunywa, anaaga. Ukitaka akae, mpe mahali pa kulea watoto, na watoto wake hawali maua, wanakula majani, kila ukoo na majani yake. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anataka mlimau au mchungwa. Yule wa rangi ya machungwa anataka yale majani ya porini ambayo ukivunja shina linatoa maziwa. Wadogo wekundu wanapenda pasheni. Kwa hiyo anayetaka vipepeo akubali kwanza kuliwa majani. Mwenye nyumba akikataa, mwambie anunue vipepeo vya plastiki, sokoni vipo. Maua yenyewe yapandwe mengi pamoja, penye jua na pasipo upepo. Na pampu ya dawa ikae stoo, imefungiwa, ufunguo mfukoni mwako.

Mzee Andama alikuwa na mbinu nyingine ambazo meneja hakuzijua. Machicha ya kwete, ile pombe yetu ya mahindi, kwa mfano. Ukiyaweka kwenye sahani pamoja na ndizi mbovu, wale wakubwa wenye mikia kwenye mabawa wanashuka kutoka juu ya miti, wanalewa mpaka unaweza kuwaokota kwa vidole. Halafu kulikuwa na kile kipande cha mchanga upande wa jua, kilicholowa siku zote, ambapo vipepeo weupe na wa njano walijaa kama watu kwenye bomba la maji. Wageni walipiga magoti pale na simu zao wakipiga picha. Mama mmoja mwenye miwani alimwuliza Mzee Andama siri ya mchanga ule. Akamjibu ni chumvi kidogo na maji ya asubuhi. Mama akaandika. Maji ya asubuhi, ndiyo, hakudanganya. Hakusema tu yametoka wapi. Mimi nilikuja kujua siku nilipowahi kazini kuliko kawaida, nikamkuta amesimama juu ya mchanga ule amenipa mgongo, nikageuka upesi na kurudi getini nikikohoa kwa nguvu.

Miaka ikaenda, Mzee Andama akarudi kwao Logiri kulima mihogo yake, pembe ikawa yangu. Hapo ndipo Hajji Asuman aliponikuta. Alikuwa askari mstaafu wa Koboko, mwenye duka la misumari na mabati, mrefu, anayesimama wima hata akingoja chai. Alilala kwetu kwa sababu mke wake, Hajati Rehema, alikuwa amelazwa Arua kwa kiharusi. Kila jioni akitoka hospitali alikuja kusimama mbele ya pembe yangu, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Siku ya nne akaniambia shida yake.

Hajati alikuwa anapona. Ulimi umerudi, tena wote. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa mzito, na waliomtibu walisema wazi kwamba lazima atembee kila siku, hata hatua kumi, la sivyo mguu utapotea kabisa na hautarudi. Yeye hataki. Huyu alikuwa mwanamke anayetangulia mbele kwenye harusi zote za Koboko, na sasa hakutaka mtu amwone akiburuta mguu. Amesema akifika nyumbani ataingia chumbani na hatatoka. Na Hajji alimjua, akisema amesema. Kitu kimoja tu kilimpa tumaini. Siku moja kipepeo aliingia kwa dirisha la wodi, akazunguka juu ya kitanda, na Hajati akacheka. Ndiyo mara pekee aliyocheka tangu augue.

"Kama moja ilifanya acheke," Hajji akaniambia, "thelathini itafanya atembee."

Hiyo ni hesabu ya jeshi, sikuweza kubishana nayo. Akazungumza na meneja, nami nikaazimwa kwa miezi miwili, kama vile toroli. Nikasafiri kwenda Koboko na boksi magotini lenye matawi ya mlimau na viwavi wangu. Jirani yangu kwenye gari aliuliza kama ni vifaranga. Nikamwambia ndiyo, wa aina yao.

Nyumba ya Hajji iko njia ya kwenda Lurujo, nyumba nzuri, baraza pana, na mlimau mkubwa hatua kama ishirini kutoka mlangoni, mbele kabisa ya dirisha la Hajati. Nikashukuru Mungu kwa ule mlimau. Kisha nikatazama uwanja, na shukrani ikapungua. Sijawahi kuona udongo safi namna ile. Hakuna jani wala jiwe, mistari ya ufagio imenyooka kama imepigwa rula. Zamani Hajati mwenyewe ndiye aliyeufagia, na alijulikana kwa hilo mpaka ng'ambo ya barabara. Tangu augue, kazi hiyo ilishikwa na dada yake Hajji, Shangazi Zainabu, mama mwembamba asiyecheka, aliyeamka kabla ya adhana na kuanza kufagia.

Wenzangu, tumelelewa hivyo, mnajua. Uwanja ni uso wa nyumba, na jani moja likilala chini jirani ataanza kuuliza huyu mke ametoka ukoo gani. Lakini viwavi wakishiba wanatoka kwenye mti kutafuta mahali pa kujifunga, kwenye kijiti kikavu, kwenye bua la nyasi, chini ya ubao, na pale wanajigeuza kifuko kinachoning'inia bila kutikisika. Ufagio hauulizi. Kila asubuhi Shangazi alifagia vifuko pamoja na majani, akachoma. Wale waliobaki mtini aliwaangusha kwa fimbo, akawapa kuku. Kiwavi wa mlimau ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya machungwa kichwani, na harufu inayokata pua. Kuku waliwanusa wakaondoka zao. Shangazi akasema, mnaona, hata kuku anajua hii ni uchawi.

Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kwetu Manibe watu wanaishi na wadudu ndani ya nyumba au nje tu.

Wakati huo Hajati ameshatoka hospitali, yuko ndani, pazia limefungwa. Mara moja tu alisema nami, kupitia dirishani, akiuliza ni nani anayekwaruza chini ya dirisha lake. Nikasema ni mfanyakazi wa bustani. Akauliza kama uwanja umefagiwa. Nikasema umefagiwa, Hajati. Akasema vizuri, niende. Mwezi wa kwanza ukaisha hivyo. Hajji alikuja jioni kuuliza hali, nami nikamwonyesha mlimau mtupu. Aliniambia mguu wa Hajati umeanza kukonda. Nilimhurumia sana yule mzee. Nikamwambia kwa ukweli: kati ya dada yako na vipepeo, mmoja lazima asafiri.

Akaufikiria mpango kama afande. Kesho yake akamwambia Shangazi kwamba kaka yao wa Arua ana binti aliyejifungua, na hakuna mtu mzima wa kumwogesha mtoto. Kujifungua ilikuwa kweli. Hitaji la mtu mzima alilitunga mwenyewe. Shangazi akafunga mizigo siku hiyohiyo, na kabla ya kupanda gari akanikabidhi ufagio kama anayekabidhi bunduki. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Gari lilipokata kona nikaupeleka stoo.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri mno. Vipepeo wawili wakubwa walikuwa wametaga mayai kwenye ule mlimau, na viwavi wakaanza kula bila kusumbuliwa. Kwa kuwa nyumba ile ni ya Kiislamu, machicha ya kwete sikuyataja, na mchanga wa Mzee Andama sikuuwaza hata kidogo, Mungu anilinde. Nilitumia papai lililoiva kupita kiasi, na pale Hajji anapotia udhu nikaongeza chumvi chini. Vipepeo weupe wakaja kunywa. Majani niliyaacha yaanguke yanapotaka.

Lakini Hajji ndiye aliyenishangaza. Alianza kwa kuhesabu viwavi asubuhi. Kisha akawa anawahesabu asubuhi na jioni. Wadogo wa rangi ya mavi ya ndege akawaita makuruta. Wakigeuka kijani akawapandisha kuwa koplo, na wale wanono wenye mikanda ya kahawia wakawa masajini. Duka alilifungua kwa kuchelewa, na kufikia wiki ya pili akaacha kabisa kulifungua, kwa sababu sajini wa kwanza alikuwa ametoka kwenye mti na kuanza kutafuta mahali pa kujifunga, na mtu alipaswa kumlinda na ndege. Alikaa kutwa kwenye kigoda chini ya mlimau, kichwa kimeinama, mikono mashavuni, akitazama chini. Hakuongea, ili asiwashtue.

Sasa mjiweke mahali pa mtu anayepita barabarani. Anaona uwanja wa Hajati Rehema, uwanja ule, haujafagiwa siku kumi na zaidi. Duka limefungwa. Shangazi hayupo. Pazia limefungwa. Na mwenye nyumba ameketi peke yake, ameinama, hasemi. Huku kwetu nyumba yenye kifo haifagiwi mpaka siku za kilio ziishe. Hata mimi, mtoto wa Manibe, nililijua hilo kabla sijaota meno. Lakini akili yangu ilikuwa kwa viwavi. Hapo nilikosea, nami sina wa kumsingizia.

Mama Keji, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwimbaji wa kwaya na mtu wa huruma nyingi, alivumilia, alivumilia, mwisho akashindwa. Akaandika kwenye kundi la simu la mtaa kwamba Hajati ametutoka, na kwamba Hajji kwa uchungu ameshindwa hata kutangaza. Lisemwalo lipo, wakasema wengine, na kama halipo laja. Saa tatu asubuhi walianza kuingia. Wanawake walikuja na kuni, masufuria na mikeka kichwani. Wazee wa msikitini walifika wakaketi kwa utaratibu. Wanaume watatu walikuja na majembe wakaniuliza kaburi litachimbwa upande gani. Mimi nilikuwa nimeshika papai bovu mkononi.

Mama Keji alimwendea Hajji, akamshika mkono, akampa pole. Na Hajji, ambaye asubuhi ile nyigu walikuwa wamemwua sajini wake mmoja mbele ya macho yake, akaitikia kwa unyenyekevu kwamba ni mapenzi ya Mungu, jana alikuwa mzima kabisa, anakula. Basi vilio vikapasuka, na vilipasukia chini ya dirisha la Hajati. Mmoja alimlilia kwa ukarimu wake. Mwingine alimlilia kwa mwendo wake kwenye harusi. Wa tatu, nadhani alikuwa na kinyongo, akalia akitaja sufuria lake lililokwenda kwa Hajati na halikurudi.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Hajati Rehema alikuwa amesimama. Mkono mmoja ameshika fremu ya mlango, mwingine ameshika ukuta, shungi amelifunga vizuri, hata katika hasira hakusahau. Vilio vikakatika kama bomba lililofungwa. Mama mmoja wa kwaya aliruka ua, na sikujua mtu wa umri wake anaweza. Wenye majembe wakayaficha nyuma ya migongo. Hajati akapiga hatua moja, akauburuta ule mguu mbele ya watu wote, akapiga ya pili, ya tatu, mpaka ukingo wa baraza.

"Nani amekufa kwa nyumba yangu?" akauliza.

Mwisho Mama Keji, ambaye hakujifunza kusema uongo, akasema kwa sauti ndogo, "Ni wewe, Hajati."

"Nimekufa, na hakuna mutu alikuja kuniambia?"

Hajji akainuka kwenye kigoda. Alimtazama mke wake akiwa amesimama juani, akafungua kinywa, akalia. Mtu wa bunduki, mbele ya msikiti na kwaya, akalia machozi ya kudondoka. Mimi pia nililia, kwa furaha, na kwa woga, kwa sababu Hajati alikuwa tayari ameshaacha kuwatazama waombolezaji. Alikuwa anautazama uwanja. Akauliza nani ameharibu uwanja wake. Nikajitokeza na papai langu, nikasema ni mimi, tulikuwa tunawangoja vipepeo, kwa ajili yake. Akaangaza macho huku na huku. Kwa moshi wa kuni na watu mia hapakuwa na kipepeo hata mmoja.

"Iko wapi?"

Nikamwelekeza macho kwenye mlimau, nikamweleza kwamba kuna vifuko sita pale, na kwenye nguzo ya ua kimoja, na kila kimoja kina mtu ndani. Wanatoka asubuhi, wakati wowote kuanzia wiki ijayo. Akafikiri. Miguu ilikuwa inamtetemeka, na niliona anajua kwamba hawezi kurudi ndani peke yake bila kuonekana anashindwa.

"Basi leta kiti," akasema. "Mimi pia nitangoja." Kisha akawageukia wale wanawake, akawaambia kwa kuwa wameshaleta kuni na sufuria, wapike, na yule mwenye sufuria lililopotea akalichukue jikoni, liko nyuma ya mlango. Walipika wali na nyama wakala mpaka saa tisa. Sijaona kilio kitamu kama kile.

Nilimwekea kiti mlangoni kabisa. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda, nikasikia ukuta unakwaruzwa. Ni yeye, anakuja kukaa. Nikaona kitu, wenzangu, na hii ndiyo mbinu yangu mwenyewe, si ya Mzee Andama. Siku ya pili nilikisogeza kiti hatua mbili kutoka mlangoni. Siku ya tatu, hatua mbili zaidi. Nikasingizia jua, nikasingizia matone ya paa, siku moja nikasingizia siafu. Akashuka ngazi ya baraza akinishika bega, akinung'unika juu ya wafanyakazi wa Arua, akafika. Hajji alikuwa anatutazama kutoka dirishani na hakuthubutu kupumua.

Shangazi Zainabu alirudi katikati ya mambo haya, kwa kuwa habari za kifo zilimfikia Arua na alikuja mbio akiwa amevaa nguo za msiba. Alimkuta marehemu amekaa uwanjani anakunywa chai. Alipopata pumzi aliuona uwanja, akaenda stoo moja kwa moja, akatoka na ufagio. Hajati hakupaza sauti. Alimwambia tu: fagia njia, kutoka barazani mpaka getini, na upana wa mikono miwili pembeni, ili mtu asije tena kunizika. Pembe ya mlimau acha. Shangazi akafagia njia. Ilinyooka kama imepigwa rula, na tangu siku ile hivyo ndivyo nilivyofanya kila nyumba niliyofanya kazi. Fagieni njia, fagieni mlangoni, jirani aridhike. Pembe iacheni.

Asubuhi ya kumi na mbili kiti kilikuwa kimefika kwenye kivuli cha mlimau. Nilikuwa namwagilia nilipomsikia Hajati akiniita, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Kifuko kimepasuka mgongoni. Kipepeo ametoka, ananing'inia kichwa juu, mabawa yamekunjamana na kulowa, hayafai kitu. Nikamwambia asimguse, wala asimsaidie, ukimvuta unamvunja. Anajaza mabawa yake mwenyewe. Tukangoja pamoja. Hajji akaja akasimama nyuma yetu, wima, na Shangazi nyuma yake, mpaka yale mabawa yakanyooka, meusi, na yale madoa ya njano.

Akaruka mara moja, akapita juu ya paa, akaenda. Hivyo tu. Hakutuzunguka wala hakutuaga.

Nikadhani Hajati atasikitika. Alikuwa anacheka. Akatazama nyuma, mlango ulivyo mbali, akanitazama mimi.

"Ulifikiri mimi sioni?" akasema. "Kila siku kiti inatembea."

Nikamjibu kwamba ni kiti cha zamani, kina tabia zake. Akaniomba mkono, akainuka, akasimama mpaka mguu ukatulia.

"Kesho weka kwa geti," akaniambia. "Watu waone."